Picha Hizi Tunampelekea Nani?

Ukutani kwa Mama, kijijini Makueni, kuna picha mbili zilizotundikwa jirani, kila moja ndani ya fremu yake ya mbao. Ya kwanza ilipigwa Likoni, Mombasa, mwezi wa Desemba 1993. Ya pili ilipigwa Galveston, katika jimbo la Texas, Marekani, mwezi wa Machi 2023. Katika picha zote mbili Mama amesimama mbele ya meli kubwa nyeupe, na katika zote mbili meli hiyo si meli. Ni mchoro tu uliotandazwa nyuma yake.

Picha ya kwanza iliwagombanisha Baba na Mama. Ya pili ilitugombanisha sisi, binti zao wawili. Tumekubaliana kuyaandika haya pamoja kwa sababu tunaamini akina mama wenzetu wengi wamewahi kusimama pale tuliposimama: mbele ya picha nzuri ya watu unaowapenda, ukiwa umeshika pesa ambazo tayari zina kazi nyingine. Hatutasema ni nani kati yetu alisema nini. Waume zetu wanajua, na Mama anajua. Inatosha.

Safari ya Mama

Sisi na familia zetu tunaishi Houston. Mmoja wetu ni msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwingine anafanya kazi jikoni katika shule. Tuna watoto watano kati yetu. Mama alipokaribia kutimiza miaka 70 alikuja kututembelea, nasi tukataka kumfanyia jambo ambalo yeye mwenyewe hangeliomba.

Baba yetu, aliyefariki mwaka 2004, alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Kwa miaka mingi alipakia na kupakua mizigo ya meli, na jioni alituhadithia habari za zile meli za watalii zilizotia nanga: taa zake, ngazi zake, na wazee wa Kizungu waliokaa juu kabisa wakinywa chai. "Iko siku nitawapandisha," alikuwa akisema. Siku hiyo haikufika. Basi tukasema, Mama atapanda.

Galveston ni kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja, kama kilomita 80 kutoka Houston. Meli za starehe hutoka hapo kwenda Mexico na visiwa vya Karibi. Tulichagua safari fupi ya usiku tano: siku moja baharini, siku ya pili Cozumel, ya tatu Progreso, kisha siku nyingine ya bahari tupu na kurudi nyumbani. Tulikuwa watu kumi. Tuliweka akiba kwa miezi 14, na nauli tukailipa kidogo kidogo. Tulihesabu bakshishi ya wahudumu, maegesho ya magari, hata soda za watoto. Picha hatukuzihesabu. Tulikuwa na simu sita kati yetu, kila moja na kamera yake; nani angefikiria kulipa picha?

Kupigwa ni bure

Tulipigwa picha ya kwanza kabla hata hatujaikanyaga meli. Baada ya pasipoti kukaguliwa, foleni ilipinda, na pale kwenye kona palikuwa na turubai kubwa lenye picha ya meli ileile tuliyokuwa tunakwenda kuipanda, ikielea juu ya maji ya buluu kupita kiasi. Meli yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka hapo. Kijana mwenye kamera alitupanga, watoto mbele, Mama katikati. Mama alikaza kilemba chake, akanyoosha mgongo, akafunga mdomo.

Tueleze hapo kidogo. Mama ana pengo la jino la mbele. Tangu tulipokuwa wadogo, kila aonapo kamera hufunga mdomo na kukunja uso kama anayesikiliza hotuba. Hatuna picha ya Mama akicheka. Hatukuwahi kuwa nayo.

Yule kijana alipomaliza, Mama akatuuliza kwa Kikamba tunamlipa kiasi gani. Tukamwambia, "Hapana, Mama, ni bure." Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Kupigwa ndiko bure. Kuichukua picha ndiko kunakolipiwa.

Kwa wasomaji ambao hawajasafiri kwa meli za namna hii, mambo huwa hivi. Mpiga picha hakulazimishi kitu. Atakupiga unapopanda, atakupiga mezani ukiwa na uma mkononi, atakupiga unaposhuka bandarini. Huko bandarini mwenzake aliyevaa kama pomboo au kama haramia wa baharini hukushika bega kabla hujajiandaa. (Kule Cozumel Mama alimchapa yule pomboo kwa mkoba. Wajukuu wake hawajaacha kuisimulia habari hiyo.) Na usiku mmoja katika safari ni usiku wa kuvaa nguo za heshima. Hapo ngazi na kumbi hujaa taa na mapazia, na familia hupanga foleni kwa hiari yao. Unaweza kupigwa mara 30 bila kutoa senti.

Picha zote zinawekwa katika ukumbi wake. Zamani zilichapishwa zote na kupangwa ukutani, na zisizonunuliwa zilitupwa. Siku hizi meli nyingi huzionyesha kwenye skrini. Unaweka kadi ya chumba chako, au mashine inaitambua sura yako, na hapo unajiona: unakula, unacheka, umesimama na mama yako. Ukibonyeza kununua hutoi pesa mfukoni. Deni linaandikwa kwenye kadi ileile, nawe utaliona asubuhi ya kushuka.

Katika meli yetu picha moja ya inchi 8 kwa 10 ilikuwa dola 25. Kuzichukua zote kwa pamoja ilikuwa dola 300, yaani karibu shilingi 39,000 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule.

Tulimuuliza kijana mmoja wa kamera, mwenyeji wa India, kwa nini karatasi moja iwe na bei hiyo. Alituambia bila kuficha kwamba picha nyingi wanazopiga hazinunuliwi na mtu. Ile moja inayonunuliwa inalipia kazi ya zile zilizoachwa. Tena nauli ya meli haiwezi kubeba kila kitu; kampuni hupata faida yake katika vinywaji, michezo ya kamari, matembezi ya nchi kavu, na picha. Yeye mwenyewe alikuwa na mkataba wa miezi saba, akifanya kazi kila siku ya wiki, na hakuwa na ruhusa ya kupunguza bei hata kwa dola moja. Mama alitaka kujua kama mama yake kijana huyo anayo picha yake. Tulipomtafsiria alicheka, akasema kwamba anapiga watu mamia kwa siku na yeye hapigwi na mtu.

Maneno tuliyoambiana

Jioni tuliporudi kutoka Cozumel tuliingia katika ukumbi wa picha, sisi wawili tu. Tulikuta picha ya ule usiku wa nguo za heshima. Mama yuko kwenye ngazi, amevaa gauni lake la kitenge cha zambarau, wajukuu wote watano wamemzunguka. Mdogo wao alikuwa amesema neno fulani, na Mama alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka hasa, mdomo wazi, pengo liko nje, macho yamefumba.

Mmoja wetu alianza kulia palepale mbele ya skrini. Akasema, "Tuchukue zote. Dola 300 tutagawana."

Mwingine akasema, "Na ada?"

Kaka yetu mkubwa alifariki akaacha mtoto wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu wakati ule. Sisi ndio tunaomlipia shule. Ada yake ya bweni kwa mwaka ilizidi kidogo shilingi 40,000. Kwa hiyo picha zile zilikuwa sawa na ada ya mwaka karibu mzima, na muhula wa pili ulikuwa unakuja.

"Ada tutalipa mwezi ujao," akasema wa kwanza. "Mwezi ujao Mama hatakuwa hapa na miaka 70."

"Mtu halishwi picha. Simu zetu zimejaa picha."

"Picha za simu huwa unazitazama lini?"

Kama tungeishia hapo, yangekuwa mabishano ya kawaida ya ndugu. Lakini hatukuishia hapo. Mwaka uliotangulia mume wa mmoja wetu alikuwa amepunguzwa kazini, na mwenzake ndiye aliyetoa sehemu kubwa zaidi ya nauli ya Mama. Alikuwa ameitoa kwa moyo, na hakuwahi kuitaja. Jioni ile aliulizwa, "Kwani hizo zitakuwa pesa za nani?" naye akajibu, "Za yule anayelipa siku zote." Wageni waliokuwa kwenye skrini ya pili hawakuelewa Kiswahili, lakini walisogea.

Siku ya pili tulifika Progreso. Gati la mji ule limeingia baharini zaidi ya kilomita 6, hata abiria huchukuliwa kwa basi hadi mjini. Tulikaa ndani ya basi lile, mmoja mbele na mwingine nyuma. Waume zetu walizungumza habari za mpira. Watoto walinunua kofia. Mama alitutazama, akatazama bahari, hakusema kitu. Wazazi wetu hawakutulea kwa kuingilia kila ugomvi. Walitulea kwa kungoja.

Karatasi mbili za sura zilezile

Siku ya mwisho ya bahari tupu Mama alituita chumbani kwake. Alituketisha kitandani, kila mmoja upande wake, akatuuliza kama tunaikumbuka ile picha ya Likoni.

Tunaikumbuka. Tulikuwa na miaka 12 na 9. Karibu na kivuko palikuwa na vibanda vya wapiga picha, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na pazia lake lililochorwa kwa rangi kali: meli, ndege, majumba marefu, maua ya plastiki pembeni. Watu wa bara waliofanya kazi Mombasa walipigwa hapo kabla ya Krismasi, ili wakienda nyumbani waonekane wako wapi. Sisi sote tulivaa nguo za kanisani. Baba alishika mkono wa kiti kama anayeogopa kitaondoka.

Jambo ambalo hatukulijua ni lile Mama alilotueleza siku ile. Baba alikuwa amekubali nakala moja tu. Mama, aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi, alichukua pesa ya unga wa siku mbili akalipia nakala ya pili, akamtumia mama mkwe wake, yaani nyanya yetu, kwa mkono wa mtu aliyesafiri kwa basi. Baba alipojua alikasirika sana. "Karatasi mbili za sura zilezile!" alisema. "Mama yangu hahitaji picha. Anahitaji unga." Kwa siku mbili hakuzungumza na Mama.

"Na alikuwa anasema kweli," Mama akatuambia. "Nyanya yenu alihitaji unga. Mwezi ule sikumtumia unga."

Kisha ikaja Agosti 1997. Vurugu zilipozuka Likoni tuliondoka usiku na nguo tulizovaa. Tulilala kanisani, watu wengi juu ya sakafu moja, kisha tukapanda basi la kwenda bara. Nyumba ilichomwa. Vyeti, kitambulisho cha Baba, picha ya ukutani, vyote viliungua. Vibanda vingi vya wale wapiga picha navyo havikusalimika.

Baba alipofariki mwaka 2004, wanakamati wa mazishi waliomba picha ya kuweka kwenye karatasi ya ibada. Hatukuwa nayo. Ndipo nyanya yetu akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoa bahasha. Sura ya Baba kwenye karatasi ile ya mazishi ilikatwa kutoka katika nakala ya Likoni. Ukiitazama vizuri utaona bega la Mama pembeni.

Tulidhani Mama anataka kutuambia tununue picha zote. Mmoja wetu alikwisha kuinua kichwa kama mshindi. Lakini Mama aliendelea.

"Sikuwa na akili ya kujua nyumba itaungua. Msinipe sifa hiyo. Nilitoa mbili kwa sababu watu walikuwa wawili: ukuta wangu, na mama mkwe ambaye hakuwaona wajukuu wake kwa miaka mitatu. Nyinyi hizo thelathini mnampelekea nani?"

Hatukuwa na jibu. Tukahesabu kwa vidole. Nyumba yake Makueni, nyumba ya huyu, nyumba ya yule. Tatu.

Tuliyoichagua, na tuliyoiacha

Usiku huo wa mwisho ukumbi wa picha ulijaa watu kama soko siku ya mnada. Mama alichagua mwenyewe. Hakuchagua ile ya kwenye ngazi. Alichagua ya kwanza kabisa, ya lile turubai, amekunja uso na kufunga mdomo. "Hii ndiyo ndugu yake ile," akasema. Watu wote kumi wamo na kila mmoja anaonekana. Tulilipia nakala tatu, dola 75, tukagawana sawa.

Sasa tuseme ukweli ambao ndio uliotufanya tuandike. Wote wawili tuliitaka ile picha ya Mama akicheka. Nakala moja ilikuwa dola 25, na tulikuwa nazo. Lakini aliyekuwa amesema "mtu halishwi picha" hakutaka kuonekana amebadili neno. Na aliyekuwa ameulizwa habari za pesa hakutaka kuomba tena. Tulisimama mbele ya skrini, kila mmoja akimngojea mwenzake aseme. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana. Tukaondoka.

Wiki mbili baadaye mmoja wetu alimpigia mwenzake simu usiku, akasema, "Ile ya ngazini tungeichukua." Tulilia, tukaombana radhi kwa maneno ya jioni ile, na asubuhi tukawaandikia wenye meli. Walijibu kwa adabu kwamba picha ambazo hazikununuliwa zilikuwa zimefutwa.

Hatukuikosa kwa sababu ya dola 25. Tuliikosa kwa sababu ya kiburi.

Tulitafuta katika simu zetu sita. Tulikuwa na picha zaidi ya 900 kati yetu: machweo ya jua, sahani za chakula, watoto ndani ya maji. Ya Mama akicheka ilikuwapo moja, aliyoipiga mtoto wetu wa miaka tisa kutoka pembeni ya ngazi. Kichwa cha Mama kimekatwa kidogo juu, na picha yenyewe imetikisika. Tuliichapisha dukani kwa senti chache, tukamtumia. Mama ameiweka ndani ya Biblia yake. Alipoiona alisema imemfaa, kwa kuwa pengo halionekani vizuri.

Ada ya mtoto wa kaka yetu ililipwa kwa wakati.

Kwa akina mama wenzetu

Wengi wenu hamtapanda meli kama ile, na hamjakosa kitu kikubwa. Lakini picha za kulipia zinatufikia wote. Zinatufikia harusini, kwenye mahafali ya watoto, siku ya ubatizo, mpiga picha anapokuja mbio na picha imekwisha kuchapishwa na jina la mwanao analijua. Naye ana watoto wa kulisha, tusimdharau. Haya machache tuliyojifunza huenda yakawafaa.

Kwanza, ulizeni bei kabla ya kupigwa, wala si baada ya kujiona. Mtu akishajiona, mkono unakuwa mwepesi. Na kusema "Hapana, asante" si kukosa adabu. Mpiga picha amelisikia neno hilo mara nyingi siku hiyo.

Pili, mume na mke wakubaliane kiasi kabla ya kutoka nyumbani, na ndugu vilevile. Kiasi kikiwa kidogo si vibaya. Sisi tungekuwa tumetenga dola 100 tangu Houston, yale maneno ya Cozumel yasingesemwa, na Mama angekuwa anacheka ukutani kwetu.

Tatu, mkiwa safarini, msingoje usiku wa mwisho. Kila mtu huja usiku huo, na katika msukumano mtu hununua asichokitaka au huacha anachokitaka. Nendeni mapema, chagueni picha ambayo watu wote wamo, kisha mwombe abiria mwenzenu awapige nyingine kwa simu yenu. Watu hukubali kwa furaha.

Nne, za kwenye simu zichapisheni. Si zote. Chagueni tano za mwaka. Simu ya Mama ni ile ndogo ya tochi, haionyeshi picha za mtu yeyote, na wazee wengi kijijini wako hivyo. Nyuma ya picha andikeni kwa kalamu majina, mahali na mwaka. Watoto wa watoto wenu hawatajua huyu ni nani.

Tano, na hili ndilo Mama alitufundisha bila kujua: nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine. Moto hauchagui, wala mafuriko, wala wezi wa simu. Kilicho katika nyumba mbili kina nafasi ya kubaki.

Na kabla ya kulipa, jiulizeni swali lake: hii tunampelekea nani? Ukiwa na jina la mtu mdomoni, lipa, usijute. Ukiwa huna, iache iende.

Krismasi iliyofuata ile safari, yule kijana wa kaka yetu alikwenda kwa Mama. Alisimama mbele ya picha zile mbili, akahesabu watu, akamuuliza, "Nyanya, mimi mbona simo?" Mama alitupigia simu usiku huohuo kutuambia. Hakusema tufanye nini. Tulimtumia kijana nauli ya kwenda Wote mjini na pesa ya mpiga picha, akapigwa amevaa sare ya shule, nakala mbili. Moja iko Makueni, karibu na zile mbili. Nyingine ilitufikia Houston kwa mkono wa mtu, ndani ya bahasha.